USHURU HAULALI, UFAGIO UMELALA



Liko jambo ambalo mwanachama akilinyamazia, basi na yeye ni mshiriki. Maradhi ya kuambukiza yanapoingia mjini au kijijini, halmashauri zetu huonekana kuwa na mikono miwili isiyojuana. Mkono mmoja ni wa kupokea, na huo haulali. Mvua inyeshe, kipindupindu kiingie, maiti zitoke nyumba tatu kwa siku moja, mtoza ushuru atafika diko la samaki alfajiri na mashine yake ya risiti, na mama aliyeweka ndoo moja ya dagaa atadaiwa kama kawaida. Mkono wa pili ni wa kutoa: ufagio, mtaro, choo cha soko, gari la taka, Bwana Afya na daftari lake. Huo, siku maradhi yanapoingia, ndio unaokunjwa na kutiwa mfukoni, ati twasubiri maagizo.

Twasema wazi kwamba hayo ni makosa, tena makosa ya kuua watu. Na kwa kuwa wanaoketi katika mabaraza hayo ni watu wetu, tuliowapigia kura na kuwabeba juu juu kwa ngoma, aibu yao ni aibu yetu pia.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha baraza la madiwani katika mji mmoja wa pwani hii. Jina lake naliacha, maana wenye tabia hiyo ni wengi na sipendi mmoja abebe mzigo wa wote. Wakati ule kuhara kulikuwa kumeingia katika kata mbili za ufukweni, na watu walikuwa wakilazwa kwa mkupuo. Nikaketi kiti cha nyuma, nikasikiliza ajenda. Kufungua kikao. Kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Yatokanayo. Taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka. Taarifa za kamati. Ziara ya mafunzo ya waheshimiwa madiwani kwenda mkoa mwingine. Juu ya mapato peke yake walizungumza saa mbili nzima: ushuru wa ufuta umeshuka, wa samaki umepanda, vibanda vipya vya stendi amekodishwa nani na kwa nini yeye. Ulikuwa mjadala mkali, na sikatai, wa kupendeza. Watu wale wanajua hesabu.

Kuhara hakukuwamo katika orodha. Kulikuja mwisho kabisa, katika Mengineyo, saa saba na nusu mchana, harufu ya pilau imekwisha kuingia ukumbini. Mama mmoja, diwani wa viti maalum, akasimama: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwetu watu wanaharisha tangu Ijumaa, na choo cha soko kimefurika. Naomba baraza..." Hakuachwa amalize. "Mheshimiwa, hilo ni la wataalamu, na Mkuu wa Wilaya keshalishika. Tusiingilie." Kikao kikafungwa, wakaenda kwenye pilau, wakatia sahihi karatasi ya posho. Yule mama nilimwona akikunja karatasi yake ndogo mara nne na kuitia mkobani.

Hilo ni la wataalamu! Wataalamu gani? Daktari yuko wodini anatundika maji ya mshipani, na usiku hana wa kumpokea. Kuzibua choo cha soko si kazi ya daktari. Mkuu wa Wilaya anayo kamati yake ya maafa, na sheria imempa. Lakini kamati ya maafa haina wafagizi wake, haina gari lake la taka, haina soko wala machinjio. Itaagiza tu, na anayeagizwa ni halmashauri ileile iliyokwisha kwenda kula. Basi huyu amngojea yule, na yule amwagiza huyu, na inzi haombi ruhusa kwa yeyote kati yao.

Tabia hii si ngeni katika nchi yetu, wala haikuanza na mabaraza. Wazee wa Kilwa Kivinje walirithi habari zake. Mapema mwaka 1859 Mwingereza Richard Burton alifika Kilwa kwa chombo kutoka Unguja, akakuta kipindupindu kimeushika mji. Aliyoyaandika baadaye ni ya kutisha: maiti zimetupwa ufukweni, hazina wa kuzizika. Mwaka huohuo konsuli wa Waingereza huko Unguja, Rigby, alihesabu watumwa wapatao 19,000 walioingizwa kisiwani kutoka bara, na sehemu kubwa yao walipitishwa Kilwa. Hebu pima mwenyewe, ndugu msomaji. Mji unakufa, na misafara inashuka kutoka nchi za Nyasa, na forodha inahesabu vichwa na kupokea ushuru kwa kila kichwa kama jana na juzi. Forodha yenyewe Sultani alikuwa amemkodisha tajiri kwa malipo ya mwaka. Na tajiri aliyelipa hutaka fedha yake irudi pamoja na faida. Ilijulikana pwani nzima kwamba mtumwa aliyekaribia kufa alitoswa baharini au kuachwa mchangani ili bwana wake asimlipie ushuru. Huo ndio ulikuwa usafi wa bandari siku zile.

Kipindupindu kikarudi mwaka 1869, safari hii kwa njia ya bara, kikaifagia Unguja na kushuka pwani hadi kwetu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alikifuata nyayo na kuandika kitabu kizima kilichotolewa mwaka 1876. Alionyesha jinsi maradhi yanavyosafiri na biashara: njia ya msafara ndiyo njia ya ugonjwa, na bandari ya mali ndiyo bandari ya mauti.

Mtoza ushuru wa leo simfananishi na mfanya biashara ya watu. Hasha! Ni kijana wetu, analipwa kidogo, na akirudi ofisini bila kiasi alichopangiwa anagombezwa. Ninachosema ni kwamba utawala unaojua kuhesabu kinachoingia na usiojua kuzoa kinachooza umekwisha kupita hapa, na siku ulipopita, babu zetu ndio waliokuwa wakihesabiwa.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema: tukiliweka jambo hili mezani waziwazi, biashara itakufa. Watalii hawatavuka kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu. Wanunuzi wa pweza watakwenda kwingine. Mnada wa ufuta utaharibika, na halmashauri ikikosa ushuru wa ufuta itafagia kwa kutumia nini? Neno hili lina uzito, sitalidharau. Lakini wako waliolisema kabla yetu, tena mahali penye fedha nyingi kuliko Lindi.

Agosti 1892, kipindupindu kiliingia Hamburg. Wajerumani hao, mwajua, ndio waliokuwa tayari wameketi bomani Kilwa na Lindi wakitufundisha ustaarabu kwa kiboko. Hamburg ulikuwa mji wa bandari uliotawaliwa na senati, na humo sauti ilikuwa ya matajiri wa biashara na mawakili wao; ndiko yalikotoka makampuni ya O'Swald na Hansing, yaliyokuwa na maghala yao Unguja. Maji ya kunywa ya mji yalitoka mto Elbe bila kuchujwa. Mpango wa kuyachuja ulikuwa umejadiliwa miaka na miaka, na kila ulipoletwa, swali lilikuwa nani atalipa. Wagonjwa wa kwanza walipoonekana, wakubwa walisita siku kadhaa kutangaza, maana wakitangaza, meli zao zingekataliwa katika bandari za ng'ambo. Katika siku hizo za kusita watu waliendelea kuchota. Kwa majuma machache walikufa watu wapatao 8,600. Mji wa Altona, uliopakana na Hamburg nyumba kwa nyumba, ulikuwa ukichuja maji yake ya mto huohuo, nao kwa kadiri kubwa ukanusurika. Na biashara je? Meli zilikataliwa vilevile. Chujio la maji la Hamburg likafunguliwa mwaka uliofuata, 1893. Fedha iliyokosekana miaka mingi ilipatikana baada ya mazishi.

(Miaka miwili baada ya chujio hilo, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya pale Kilwa Kivinje. Hospitali ya wilaya yetu hapo Kivinje yaitwa Kinyonga, na jina hilo ni la mwembe wa kunyongea. Mgonjwa wa Kilwa anatibiwa chini ya jina hilo, na ni vizuri tusisahau.)

Lakini tusiwacheke Wajerumani, maana sisi wenyewe tuna yetu. Vijana wengi hawajui kwamba mabaraza haya ya madiwani yaliwahi kufa. Tarehe 1 Julai 1972 ulianza mpango wa Madaraka Mikoani, uliotengenezwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Mabaraza ya wilaya yakavunjwa, na ya miji yakafuata. Kazi zikapelekwa kwa maofisa wa mkoa na wilaya. Nia ilikuwa njema, kwamba maendeleo yafike kijijini upesi. Lakini mji ukakaa kama nyumba ya urithi iliyogombewa, kila mtu ana haki nayo na hakuna anayeezeka. Taka zikarundikana. Mitaro ikaziba. Na kipindupindu, kilichokuwa kimekwisha kubisha hodi miaka ya kati ya sabini, kikaingia kwa kishindo Oktoba 1977. Kilianzia wapi? Rufiji, jirani zetu wa kaskazini, mlangoni kwa Kilwa! Kutoka Rufiji kikaenea nchi.

Yafaa wanachama wajue jambo moja la mlipuko ule. Dawa ya tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, ya kutibu na ya kukinga, watu wakaona wamepata ngao. Haikupita miezi sita, vidudu vingi vya kipindupindu vilikuwa havisikii tena dawa hiyo. Vidonge viligawiwa mahali pa maji safi na choo, na maji safi na choo vikabaki bado vinadaiwa.

Mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya kuyarudisha mabaraza ya miji kwa muda. Kisha zikaja sheria za mwaka 1982, na mabaraza yote, ya miji na ya wilaya, yakasimama tena mwaka 1984. Kilichoyarudisha mabaraza ya miji ni uchafu ule, mitaro ile, na kipindupindu kile. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka huohuo 1984, alikiri kwamba kuvunja serikali za mitaa lilikuwa kosa ambalo asingelirudia. Kiongozi mkubwa hukiri. Basi diwani wa leo anaposimama na kusema kwamba kipindupindu si ajenda yake, ajue kwamba kiti alichokalia alipewa kwa sababu ya kipindupindu.

Tangu hapo ugonjwa huo haukutusahau. Mwaka 1997 nchi yetu ilipata wagonjwa zaidi ya 40,000, na waliokufa walizidi 2,200. Agosti 2015 ukaanza tena Dar es Salaam na kuenea. Hadi katikati ya mwaka 2016 wagonjwa walikuwa wamepita 20,000 na waliokufa wamezidi 300. Mwaka ule Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, akaamuru siku hiyo nchi nzima ishike ufagio, na fedha za sherehe zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Ikatolewa na amri ya usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sisi wanachama tulifurahi, tukatoka na mafagio yetu, tukapigwa picha. Mwaka wa kwanza tulifagia. Mwaka wa pili walifagia waliokuwa na zamu. Baadaye ikawa Jumamosi ya kufunga maduka hadi saa nne asubuhi, na mwenye duka akifungua mapema anatozwa faini. Nyuma ya duka jaa la taka lipo palepale, limeongezeka. Mwaona wenyewe! Hata usafi tumeugeuza chanzo cha mapato.

Korona nayo ilitufunza, lakini hatukusoma. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Hesabu za taifa zilikoma mwanzoni mwa Mei, wagonjwa 509 na vifo 21, ukafuata ukimya wa zaidi ya mwaka. Katika ukimya ule halmashauri haikuwa na namba ya kuisoma kikaoni hata kama ingetaka. Kule Uingereza walitunga kanuni za muda ili madiwani wa England wakutane kwa video, na kanuni hizo zilikoma tarehe 7 Mei 2021; wao shida yao ilikuwa jinsi ya kukutana. Sisi tuliendelea kukutana, na shida yetu ikawa tunakutana kuzungumza nini. Mwakumbuka zile ndoo za kunawia zenye bomba, zilizowekwa kila mlango wa ofisi, kila duka, kila msikiti? Kwa muda mfupi pwani hii ilikuwa na maji na sabuni mahali pengi kuliko wakati wowote niukumbukao. Hazikugharimu fedha ya kigeni, wala hazikuhitaji mfadhili. Leo ziko wapi? Nyingine zimewekwa stoo, nyingine zimepandwa maua. Hakuna baraza nililolisikia likiweka ajenda ya kuuliza ndoo zimekwenda wapi, ilhali kiti kimoja cha ofisi kikipotea, kamati huundwa.

Liko jibu jingine, nalo ni la wenye elimu. Wasema: maji siku hizi si yetu, vijijini ni ya RUWASA tangu sheria ya mwaka 2019, barabara na mitaro yake ni ya TARURA tangu mwaka 2017, sisi tumebaki na nini? Kweli mmepunguziwa, hatukatai. Na kweli watu wa Lindi wanajua kungoja maji ya mtu mwingine: mradi wa Ng'apa ulichelewa hadi Rais, alipopita mwaka 2017, akaamuru mkandarasi anyang'anywe hati ya kusafiria. Lakini mmebaki na taka. Mmebaki na masoko, madiko, machinjio, vyoo vya watu wote, ukaguzi wa mikahawa na mama lishe, na sheria ndogo mnazozitunga wenyewe. Mmebaki na mabwana afya wa kata na watendaji wa vijiji. Hayo yakifanywa kila juma kama yanavyofanywa mambo ya ushuru, kipindupindu kitaingia kikose pa kulala. Kwa kadhia ya mfereji uliozibwa na taka zenu, msimtafute TARURA.

Na tusiseme kwamba haiwezekani kwetu kusini, ati sisi watu wa nyuma. Julai 2022, katika wilaya ya Ruangwa, si pwani lakini ni mkoa wetu huohuo wa Lindi, walitokea wagonjwa wenye homa na kutokwa damu puani. Watu wakaingiwa na hofu. Wengine wakasema ni Ebola, wengine wakasema ya uchawi. Kituo cha afya cha Mbekenyera hakikungoja. Kilitoa taarifa, taarifa ikapanda juu, wataalamu wakashuka, vipimo vikachukuliwa, na tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akautangazia ulimwengu kwamba ni Homa ya Mgunda, itokanayo na mkojo wa panya na wanyama wengine katika maji na udongo. Wagonjwa walikuwa 20, na waliokufa 3. Tunawalilia watatu hao. Lakini jiulize ni nini kilichowazuia wasiwe mia tatu. Ni kazi ya kila siku: kumwona mgonjwa, kuandika, na kutoa taarifa. 

Basi twataka nini? Hatutaki kikao cha dharura chenye posho ya dharura. Twataka kazi ya kawaida ibaki kuwa kazi, siku maradhi yanapoingia zaidi ya siku nyingine.

Kwanza, katika kila kikao cha baraza, mara baada ya kuthibitisha muhtasari, isomwe taarifa ya Bwana Afya: visima vingapi vimetiwa dawa, vyoo vingapi vya soko na diko vinafanya kazi, taka zimezolewa mara ngapi, wagonjwa wa kuhara wangapi na wa kata gani. Isomwe kabla ya mapato, tumbo la diwani likiwa bado tupu na masikio yake mazima. Na taarifa hiyohiyo ibandikwe penye mbao za matangazo, sokoni na kwenye msikiti wa Ijumaa, ili mvuvi aijue bila kuomba kwa mtu.

Tena, maradhi yakiingia katika kata, ushuru unaotozwa katika soko na diko la kata hiyo usiondoke hapo hadi ugonjwa uishe. Ununue sabuni, klorini, mafuta ya gari la taka, na ujira wa vijana wa kuzibua mitaro. Mama wa dagaa akiona shilingi yake imegeuka ndoo ya maji mbele ya macho yake, hatakimbia risiti. Naambiwa kwamba hesabu za serikali haziruhusu fedha kutumika mahali ilipokusanywa, lazima ipite benki kwanza. Vema, ipite benki. Lakini irudi juma lilelile. Benki si kaburi.

Na jambo la ghala. Nani hakumbuki Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara yetu pale Somanga? Magari yakalala, na kusini yote ikawa kisiwa. Wilaya ambayo klorini yake iko Dar es Salaam, siku ile haina klorini. Mafuriko ya Januari 2020 katika bonde la Matandu nayo hayakutoa taarifa ya mwezi mmoja. Basi dawa ya maji iwe Kilwa Masoko na Lindi mjini kabla ya masika, imehesabiwa, ina mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ana simu inayopokelewa usiku. Hilo halihitaji sera mpya. Ni kazi ya karani mmoja na daftari moja.

Kamati za maendeleo za kata nazo zisifungwe kwa kisingizio cha maradhi. Ukumbi ukiwa hatari, mwembe upo. Babu zetu walifanya mabaraza makubwa chini ya mwembe, na wala hawakuandikiana posho.

Sasa maneno kwa wanachama wenyewe, maana ni rahisi kumsema diwani na kusahau tawi. Ni nani aliyemteua? Katika kura za maoni tuliuliza nini? Tuliuliza ana gari la kutusaidia msibani, tuliuliza kanga ngapi, tuliuliza ukoo wake. Hakuna aliyemuuliza: ndugu, choo cha soko letu kimefungwa kwa kufuli tangu lini, na ufunguo anao nani? Katika mikutano ya matawi yetu, ajenda ni zilezile: kadi, michango, maandalizi ya ugeni. Chama kilichozaliwa kupigana na ujinga, umaskini na maradhi kimeyaachia maradhi yaje yenyewe katika Mengineyo. Nakiri kwamba hata mimi ile siku ya pilau sikusimama. Nilikuwa mgeni, nikajiambia si mahali pangu. Nilikula.

Yule mama wa viti maalum alirudi kwao bila jibu. Niliambiwa baadaye kwamba jioni ile aliwakusanya wanawake wa mtaa wake, wakachanga, wakawalipa vijana wawili wakazibua kile choo kwa majembe na ndoo. Asubuhi yake mtoza ushuru akafika kama kawaida, na wanawake walewale, mikono yao ikinuka bado, wakalipa.

Vikao vya baraza ni vya wazi. Sheria inampa kila mwananchi haki ya kuingia na kusikiliza. Kikao cha robo mwaka kijacho kitatangazwa. Tawi lolote la Kilwa au Lindi lisikose kutuma watu watano, wakae viti vya nyuma, wawe na kalamu, waandike ajenda ilivyosomwa, na saa ambayo neno maji, choo au taka lilitajwa kwa mara ya kwanza. Tuleteeni karatasi hizo. Tutazichapa katika kurasa hizi, pamoja na jina la kila halmashauri.